Tapeli Sebuleni

Mama mwenzangu, mumeo akikutana na mtu mwenye maneno matamu kuhusu fedha, wewe hupata habari lini? Kabla ya fedha kutoka, au baada?

Nauliza kwa sababu ya mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao White Collar, ulioanza kuonyeshwa Oktoba 2009. Mpelelezi wa FBI, Peter Burke, anamtoa gerezani tapeli Neal Caffrey ili amsaidie kuwanasa wahalifu. Tapeli anafungwa kifaa mguuni, asivuke maili 2. Wengi husifu ujanja wake. Mimi nilimtazama Elizabeth, mke wa mpelelezi. Katika sehemu ya kwanza kabisa, Peter anagundua kuwa Neal yuko nyumbani kwake, ameketi kwenye kochi na mkewe, anampapasa mbwa wao! Peter anawaka. Elizabeth hatishiki, maana habari za mtu huyu anazo siku nyingi. Mumewe hakumficha.

Mwaka huohuo wa 2009 sisi Tanzania tulikuwa na DECI. Walioiendesha walikuwa wachungaji, na lugha yao ilikuwa ya kanisani: unapanda mbegu, unavuna. Lakini shamba halikuwepo. Mavuno ya aliyetangulia yalitoka mfukoni mwa aliyefuata. Serikali ilipoisimamisha, ndipo katika nyumba nyingi mke au mume alipojua kwamba ada ya watoto ilikwisha pandwa.

Hapa kwetu Mpanda tapeli haleti mbegu, huleta dhahabu. Wachimbaji wadogo wapo, kwa hiyo hadithi yake huaminika upesi. Msimu uliopita, tulipokwisha kuuza mpunga, mmoja alimfuata baba watoto na vijiwe vinavyong'aa, bei ya chini, na sharti moja: mama asijue. (Sharti hilo peke yake lilitosha!)

Usiku ule ule baba watoto aliniambia. Nikamwuliza, kama ni dhahabu kweli, kwa nini hapeleki kwa wanunuzi mjini, wenye mizani? Akanyamaza, kisha akacheka.

Kesho yake mgeni alikuja. Nikamkaribisha chai, nikaketi nao. Akamtazama mume wangu, akauliza, "Kwani mwenye fedha ni mama?"

"Ni zetu sote," baba watoto akajibu.

Mgeni alikumbuka safari yake ghafla. Chai aliiacha inafuka moshi.