Kijana Wetu na Ufundi wa Kuchora Michezo ya Kompyuta

Wazee wa Bariadi, tangu kabla mji huu kufanywa makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, wamezoea kuwapimia watoto wao kazi tatu: pamba, ng'ombe na ualimu. Basi mwana wa ndugu yetu alipomaliza kidato cha sita akatuambia ataka kuwa mchoraji wa michezo ya kompyuta, baba yake aliuliza kama mchezo nao huchorwa. Naam, huchorwa. Kila mti na kila ukuta auonao mchezaji katika kioo, pana mtu aliyekaa akautengeneza.

Neno la kwanza lilikuwa la dini, nalo si dogo. Maulamaa wamehitilafiana juu ya sura za viumbe wenye roho. Wako waliokataza kabisa, na wako waliotofautisha. Lakini imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alimwelekeza mchoraji aliyemjia atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Na katika ufundi huu kazi zimegawanyika: wako wafanyao watu na wanyama, na wako wafanyao mahali tu, yaani majumba, njia, mawe na misitu. Kijana akasema atashika ile ya mahali. Mama yake akaongeza sharti: asiguse mchezo wenye kamari ndani yake. Alikuwa na haki, kwani mwaka 2018 wasimamizi wa kamari wa Ubelgiji waliamua kuwa visanduku vya bahati vinavyouzwa ndani ya baadhi ya michezo ni kamari.

Neno la pili lilikuwa fedha, na hapo ndipo tulipokesha. Ami yake alikuwa tayari kuuza ng'ombe 12 ampeleke ng'ambo. Baba alitaka shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwingine alitaja Nairobi, ambako vilitengenezwa vibonzo vya Tinga Tinga Tales, vikaonyeshwa katika televisheni ya Uingereza mwaka 2010, kwa namna ya michoro ya Edward Said Tingatinga. Naye Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vipande vya mbao za dari na rangi za baiskeli, pasipo kusoma chuo cha sanaa! Hatusemi kuwa chuo hakina faida. Chuo humpa mtu walimu, wenzi na ratiba, na mvivu hana dawa bora kuliko ratiba. Walakini waajiri wa kazi hii, kwa kawaida, hutazama kwanza mkusanyo wa kazi za mtu.

Tukakata shauri hivi. Wauzwe ng'ombe 3, inunuliwe kompyuta yenye nguvu. Programu ya Blender, iliyofanywa huru mwaka 2002, haitozi senti. Kwa mwaka mmoja kila asubuhi achore kwa penseli majabali, mibuyu, nyumba za msonge na maghala ya pamba, ajue nuru inavyoangukia kitu. Alasiri avijenge vitu hivyo katika kompyuta. Kisha kazi zake 10 zilizo bora apelekewe fundi asiye jamaa yetu, ndiye aseme kama ng'ombe 9 waliobaki wauzwe kwa ajili ya karo. Sisi jamaa tutamsifu tu.

Ami hakuridhika. Alisema mwaka ni mrefu kwa kijana kukaa nyumbani, na watu watanena. Wamekwisha kunena. Huu ni mwezi wa tatu. Ghala moja amelichora mara 14, na paa lake, kwa kweli, bado limepinda.