Seva Iliyojaa Wafu

Kazi ile ililipwa kwa kanda. Kaseti ikishaingizwa kwenye kompyuta pande zote mbili, ikaondolewa mvumo na kutolewa nakala ya MP3, unaandikiwa kanda moja. Isipotoka huandikiwi kitu, hata kama umekaa mbele ya deki tangu magharibi hadi alfajiri. Kituo kile cha redio, hapa Dar es Salaam, kilikuwa na maktaba kubwa ya kaseti za taarabu, mashairi, hotuba na matangazo ya mpira, na fedha za mradi zilikuwa na tarehe ya mwisho. Mimi nilikuwa zamu ya usiku.

Wenzetu wa mchana walimaliza kanda zao bila shida. Sisi tukiingia saa mbili usiku tunakuta seva inachechemea, na kabla ya saa sita imegoma. Kila faili jipya linaandikiwa neno moja kwenye jedwali: imeshindikana. Asubuhi fundi mitambo anaizima mashine nzima na kuiwasha, inaamka kana kwamba haikuwahi kuumwa, na zamu ya mchana inaanza kazi. Mwisho wa mwezi mhasibu akatoa jedwali lake. Mchana kanda nyingi, usiku kanda chache. Maneno ya kwamba tunalala kazini yakaanza hapo.

Kwa mwenye mshahara hayo ni maneno tu. Kwangu ilikuwa kodi ya chumba. Mangi wa duka la mtaani alikuwa ameshaacha kuniuliza nitalipa lini, akawa ananitazama tu nikipita, na mwenye kudaiwa anajua kwamba kutazamwa kunauma kuliko kuulizwa. Mwenzangu mmoja wa zamu aliacha kazi. Uongozi haukukaa bure: ulinunua RAM, ukafunga, hali ikawa ile ile, ukanunua nyingine. Fedha ya RAM hiyo ingelipa zamu yetu vizuri sana, lakini nani angesema?

Aliyeiandika programu iliyokuwa ikiendesha kazi hiyo alishaondoka. Nilikuwa nimesoma Python kidogo chuoni, nikaomba ruhusa ya kuifungua, nikapewa kwa masharti kwamba nisiguse kitu. Ilikuwa Python 2.7 juu ya CentOS 7, na nilipoisoma niligundua kwamba yenyewe haishughuliki na sauti hata kidogo. Kwa kila upande wa kaseti ilizaa prosesi tatu: ffprobe ya kupima urefu, ffmpeg ya kusafisha na kutoa MP3, na ffmpeg nyingine ya kuchora mawimbi ya sauti. Kaseti ina pande mbili, kwa hiyo kanda moja ni prosesi sita. Kila mtoto alifungiwa mabomba mawili ya kuzungumza na mzazi wake, moja la majibu na moja la malalamiko, na mzazi akabaki ameshika ncha moja ya kila bomba.

Ncha hizo hazikuachiwa kamwe. Linux huipa kila prosesi mgao wa vishikio vya mafaili, na mgao wa kawaida ni 1,024. Bomba nalo huhesabiwa kama faili. Ukigawa 1,024 kwa mbili na kuondoa vishikio vichache ambavyo programu inavihitaji kwa mambo yake, unabaki na watoto kama 510. Wagawe kwa sita: kanda 85. Nikalichukua jedwali lile lile lililotushtaki, nikahesabu kanda za kila siku tangu mashine ilipowashwa asubuhi. Neno "imeshindikana" lilikuwa linaanza karibu na kanda ya 85, siku baada ya siku. Wenzetu wa mchana walikuwa wanatumia sitini na kitu za mwanzo. Sisi tulikuwa tunarithi mabaki.

Usiku uliofuata nilifungua /proc, mahali ambapo Linux huonyesha kila prosesi imeshika nini, nikawa nahesabu vishikio kila baada ya dakika chache. Namba ilipanda, ikapanda, haikushuka hata mara moja. Ilipogusa 1,024 programu ilipata kosa namba 24, la mafaili yaliyofunguliwa kupita kiasi, ikalimeza na kuandika neno lake lile moja. Kumbe kule kuzima na kuwasha kila asubuhi ndiko kulikofuta ushahidi. Prosesi mzazi ikifa, Linux hufunga vyote ilivyokuwa imevishika. Fundi alikuwa anakuta mashine mgonjwa na kuiacha mzima, na hakuna aliyewahi kuona ugonjwa wenyewe.

Niliipeleka hesabu kwa uongozi. Wakaikubali nusu. Fundi akaupandisha mgao hadi 65,536, akaacha kuzima mashine asubuhi, na kwa siku kadhaa tulifanya kazi kama watu. Nilimlipa Mangi sehemu ya deni.

Wiki haikuisha. Usiku mmoja nikaandika amri ndogo kabisa ya kuorodhesha mafaili, mashine ikajibu kwamba haiwezi kuzaa prosesi. Hata ls ilikataa. Fundi akaingia kwa akaunti ya msimamizi mkuu, tukatazama orodha: maelfu ya mistari ya ffmpeg na ffprobe, mingi sana ikiwa na herufi Z. Akaziua kwa kill -9. Zikabaki. Akarudia. Mzee wa maktaba, ambaye halali kabla ya kuhakikisha kaseti zake zimerudi rafuni, alikuwa amesimama nyuma yetu na chai yake. Akauliza hizo Z ni nini, fundi akamwambia ni prosesi zilizokwisha kufa lakini hazitaki kuondoka.

"Hiyo misukule, mwanangu," akasema. "Huwezi kumuua aliyekwisha kufa. Mtafute anayeifuga."

Nimewahi kusoma maelezo marefu kuliko hayo na mabaya kuliko hayo. Prosesi ikifa huachia kumbukumbu zake na mafaili yake, lakini Linux huihifadhia namba yake na habari ya namna ilivyokufa, mpaka mzazi aje kuuliza kwa wito wa wait. Asipouliza, namba inabaki imeshikwa na inaendelea kuhesabiwa kwenye mgao wa mtumiaji, ambao kwenye CentOS 7 ni 4,096. Mzazi naye akifa, wafu hurithiwa na prosesi namba 1, ambayo huwauliza na kuwaondoa mara moja. (Mtindo huu wa mzazi kujigawa ili kuzaa mtoto, uitwao fork, ulikuwapo hata kabla ya UNIX; Dennis Ritchie, mmoja wa walioiunda UNIX, alieleza mwenyewe kwamba walioutangulia walikuwa Berkeley. Mwaka 2019 watafiti kadhaa, wakiwamo wa Microsoft, waliandika makala kutaka fork istaafishwe. Usiku ule ningetia saini.)

Tulimtafuta anayeifuga, tukampata kwenye mstari mmoja. Kila mtoto aliyezaliwa aliwekwa kwenye orodha ya Python, pengine mwandishi alitaka kuja kutengeneza ripoti, na orodha haikupunguzwa kamwe. Python ikiona kitu hakishikwi tena na yeyote hufunga mabomba yake, na kuzaliwa kwa mtoto anayefuata huwa nafasi ya kuwaulizia waliokufa. Lakini kitu kikikaa kwenye orodha hakiachiwi: mabomba yanabaki wazi, maiti inabaki mlangoni. Vishikio na wafu vilikuwa tatizo moja. Na programu ilijuaje kwamba kazi imekwisha? Ilitazama tu kama faili la MP3 limeonekana kwenye folda.

Hilo la mwisho lilinifanya nipate baridi. Niliruhusiwa sasa kugusa, nikaweka wait, nikaondoa orodha, nikaendesha kanda chache. Kaseti fupi zilipita. Kaseti ndefu ya kwanza ikaganda, mzazi akimsubiri mtoto na mtoto hatoki. ffmpeg huandika maendeleo yake kwenye bomba la malalamiko tangu inapoanza hadi inapomaliza, bomba la Linux lina nafasi ya baiti 65,536, na hakuna aliyekuwa analisoma. Likijaa, ffmpeg husimama hapo ilipo, katikati ya wimbo, ikingoja mtu wa kulipunguza. Kaseti ndefu, kwenye mashine yetu nzito na kichujio cha mvumo juu yake, zilikuwa zinalijaza. Kabla ya wait zilikuwa zinaganda vilevile, kimya, huku zikila RAM ile iliyonunuliwa, na programu ikiziandikia kwamba zimekamilika kwa sababu faili lilikuwapo.

Nilimwita mzee, nikamwekea nakala ya kaseti moja ya taarabu. "Hapa bado kuna ubeti," akasema, sauti ikakatika kabla hajamaliza kuusema. Tukasikiliza nyingine. Alivua miwani akakaa kwenye kiti changu, na sikuwa na la kumwambia zaidi ya, "Kaseti zenyewe zipo, mzee wangu. Hazijaharibika."

Dawa ilikuwa fupi kuliko maombi ya RAM. Malalamiko ya ffmpeg sasa yanaandikwa kwenye faili la kawaida, mzazi anamwuliza kila mtoto alivyokufa na kuikataa kazi ikiwa jibu si sifuri, watoto hawazidi wanne kwa wakati mmoja, na urefu wa MP3 unalinganishwa na wa asili kabla kanda haijahesabiwa. Nilipofungua /proc tena, namba ya vishikio ilipanda na kushuka. Mhasibu alikuja kuomba radhi kwa namna yake, yaani alileta soda.

Kaseti ndefu zote za miezi ile ilibidi zirudiwe. Tuligawana, zamu ya mchana na ya usiku, na mzee akakaa nasi akisikiliza mwisho wa kila moja. Kuhusu malipo ya marudio hayo, uongozi ulisema kanda hizo zilishalipwa mara ya kwanza.