Nauli ya Kliniki



Sisi tuishio Abu Hamour tuna desturi ya kuulizana habari za nyumbani baada ya swala ya Ijumaa: nani kaoa, nani kajifungua, nani katangulia mbele ya haki. Habari ya binti aliyezama katika unga husemwa kwa kunong'ona, na akishika mimba hata mnong'ono hukoma. Huitwa sitara. Lakini sitara ya namna hiyo humwacha mama na kiumbe chake bila msaada.

Kwanza tuijue hatari yenyewe. Ajidungaye kwa sindano ya mwenziwe huweza kupata virusi vya UKIMWI. Unga nao huvuruga hedhi, hata mwanamke akakaa miezi bila kujua kuwa ni mjamzito, akachelewa kupimwa. Mama mwenye virusi asipotibiwa, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Akimeza dawa zake bila kukosa, idadi hushuka chini ya 5. Aliyeonekana hana virusi apimwe tena kabla ya kujifungua, na mume naye apimwe.

Pili, jamaa wengi hutaka kumfungia ndani mpaka arosto imwishe. Kwa mjamzito hilo ni jambo la hatari, kwani kukatishwa unga ghafla kwaweza kuiharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri mjamzito wa hali hii apewe dawa kama methadoni, ambayo hunywewa na kuituliza arosto. Mtoto huenda akasumbuka siku za mwanzo, lakini hutibika. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, ikafika Zanzibar na Malindi mwaka 2015.

Ila dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kliniki, kila siku, na kila siku ni nauli. Hapo ndipo sisi wa ughaibuni tunapohitajika. Nyumba nne za mtaa wetu tulikubaliana kuchanga riali kila mwezi kwa ajili ya binti wa mmoja wetu. Fedha hatumpi yeye mkononi, maana arosto haina subira. Hupokea shangazi yake, wakapanda daladala pamoja na kukaa foleni pamoja. Sasa mimba ina miezi saba, amekwisha kupimwa, anameza dawa zake, na tangu aanze hajakosa siku hata moja. Matokeo ni ya Mola. Nauli ni juu yetu.

Basi mwenye binti, dada au mke wa ndugu katika hali hii asione haya kutuambia. Jina lake halitatajwa barazani wala katika kurasa hizi. Tutauliza mambo mawili tu: kliniki iko wapi, na nani atamshika mkono.

Wabillahi tawfiq.