Noti Iliyopasuka

Mama alinipa dola 20 za masomo, faida ya mifuko ya makala aliyouza sokoni. Noti ilipasuka kidogo pembeni. Mwenye kubadilisha pesa aliigeuza, akanirudishia: «Hii haitembei, yaya.» Faranga zilizochakaa, zenye gundi katikati, alizihesabu bila neno.

Darasani tulisoma kwamba Saussure, katika kitabu kilichotoka 1916, alifananisha thamani ya neno na ya sarafu, na kwamba thamani haisimami bila jamii. Niliiandika bila kuielewa. Barabarani niliielewa: jasho la Mama halikupungua, ila noti ilikosa wa kuipokea.

Mwingine aliichukua kwa dola 15. Mama ananiuliza kama nimelipa. Najibu: bado kidogo.