Wageni Wengi, Wasafiri Wachache

Kazi ya kubadilishana wanafunzi huwa ya makaratasi asubuhi na ya kina mama jioni. Niliifanya Tabora kwa miaka mingi, huku nikifundisha jiografia kwa mshahara na kupokea watoto wa mbali bila mshahara, chini ya klabu ya huduma ambayo makao yake hayakuwa hata mjini kwetu. Sisi wa Tabora tulikuwa mkono wake tu: watu wanne watano wenye simu, vyumba vya wageni na ukaidi.

Utaratibu wenyewe ni wa Rotary, chama kilichozaliwa Chicago mwaka 1905, ambacho klabu zake za Ulaya zilianza kupelekeana vijana miaka ya 1920. Kijana mwenye umri wa kati ya miaka 15 na 19 anadhaminiwa na klabu ya kwao, anapokewa na klabu ya huku, analala katika nyumba ya familia isiyolipwa hata senti, na anakwenda shule kama mtoto yeyote. Nauli na bima ni juu ya wazazi wake. Klabu mwenyeji inampa fedha kidogo ya matumizi kila mwezi. Akija kwa mwaka wa masomo, kwa kawaida huhamishwa nyumba zaidi ya moja, ili asidhani nchi nzima inaishi kama familia aliyoanzia. Kila anayejitolea huchunguzwa kwanza, na hilo nililiunga mkono hata pale wazee wenzangu waliponuna. Mtoto wa mtu hakabidhiwi ovyo.

Masharti makuu ni manne: asinywe pombe, asiguse dawa za kulevya, asiendeshe gari wala pikipiki, asijiingize katika mapenzi. Sisi tukaongeza la tano, asipande bodaboda, kwa hofu ya ajali na ya bima. Yale manne yaliheshimiwa kwa kiasi kikubwa. La bodaboda nilikuwa nikiliona likivunjwa kwa macho yangu, mtoto kakaa nyuma, koti lake la mabadilishano la bluu lililojaa beji za nchi mbalimbali linapepea, ananipungia mkono.

Uhamiaji ndiko nilikojifunza subira. Mwanafunzi wa kigeni anahitaji hati ya ukaazi ya Daraja C, na hati hiyo ina mnyororo wake: barua ya shule, barua ya klabu, nakala ya pasipoti, picha, malipo, kisha njoo kesho. Sikuwahi kutoa kitu kuharakisha jambo, ila nilikuwa nikifika mapema, nikisalimia kuanzia mlinzi wa getini, nikikaa mpaka wachoke kuniona. Kijana akilalamika, nilimwambia hata Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wetu, miezi mitano mwaka 1872 akisubiri wapagazi na vifaa kutoka pwani.

Jioni sasa. Simu ya mama mwenyeji haikosi.

"Mwalimu, shikamoo. Huyu mtoto ugali haumwendi, anauchezea tu."

"Marahaba, mama. Mpe muda."

"Muda nimempa tangu Jumatatu. Mimi nataka ale."

Mama huyo wa Isevya alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa, na hakuna mtu aliyenifundisha kazi hii zaidi kuliko yeye. Kijana aliyepewa, kutoka Denmark, alitumbukiza nguo zake zote katika kapu la kufulia, chupi zikiwemo, kama afanyavyo kwao penye mashine. Nyumba ikanyamaza. Kwetu nguo ya ndani mtu hafuliwi na mwingine; mtoto anafundishwa kuifua mwenyewe angali mdogo. Mama hakugomba. Alichukua beseni na kipande cha sabuni, akakaa kwenye kigoda uani, akaita wanawe wote na mgeni wao, kila mtu na chupi yake, wakafua kwa mstari. Kijana akafundishwa bila kuambiwa amekosea. Mafunzo ya siku mbili ya wasimamizi, yenye kalamu na vitafunio, hayakunipa kitu kilicholingana na hicho.

Ugali nao aliula hatimaye. Mama alimwanzishia matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akaongeza karanga na asali. Mvua zilipoanza, ukaja uyoga wa msituni na ugali ukapita wenyewe. Kufikia Februari alikuwa anamega tonge kwa vidole kama aliyezaliwa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora.

Wageni wote niliwapeleka Kwihara, kwenye tembe lile la Livingstone lenye kuta nene za udongo na milango ya kuchonga, ambalo leo ni makumbusho. Wengi walipiga picha wakaulizia soda. Binti mmoja wa Ujerumani aliuliza wapagazi walikuwa wakilala wapi. Swali hilo lilinifurahisha, kwa sababu njia ya misafara haikubebwa na akina Stanley. Kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kilimatinde hadi hapa ilikuwa kama miezi mitatu ya kutembea, na mzigo wa mpagazi ulikaribia kilo thelathini. Hapa Tabora, katika Unyanyembe ya zamani, misafara ilivunjwa, wabebaji wakalipwa, wengine wakaandikwa kwa safari ya Ujiji. Wapo pia waliopita njia hiyo shingoni mwao mna minyororo, na sikumficha mwanafunzi yeyote jambo hilo, wala kwamba baadhi ya waliofaidika walikuwa watu wa hapa hapa. Kisha tulifika mahali ilipokuwa ngome ya mtemi Isike, aliyejilipua kwa baruti Januari 1893 Wajerumani walipoivunja. Binti alikaa kimya. Usiku alimwandikia babu yake barua ndefu, yaliyomo sikuyauliza.

Mimi nilishikwa na jambo jingine. Wanyamwezi wa karne ya kumi na tisa walikuwa wasafiri kabla ya kuwa wenyeji. Walipeleka pembe pwani kwa misafara yao wenyewe, na inasimuliwa kwamba kijana asiyewahi kufika pwani hakuhesabiwa mtu mzima. Hata Chuma na Susi, wasio Wanyamwezi lakini walioufikisha mwili wa Livingstone Bagamoyo wakipitia hapa Tabora, walikwenda hadi Uingereza mwaka 1874. Kusafiri kulikuwa shule. Sasa fungua daftari langu la mabadilishano: ukurasa wa wanaokuja umejaa, wa wanaokwenda una majina ya kuhesabika kwa vidole.

Sababu si uvivu wa watoto wetu. Ya kwanza ni kalenda. Mwaka wa shule wa Ulaya unaanza Agosti au Septemba, wetu Januari. Mwanafunzi akiondoka kwa mwaka mzima anarudia darasa, na mzazi anayehesabu ada hataki kusikia neno kurudia. Kisha nauli, ambayo ni mavuno ya tumbaku ya familia nzima. Kisha viza: balozi nyingi ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli, na mtoto anaweza kusafiri siku nzima na usiku wake akaulizwa maswali ya dakika tano na kuambiwa hapana. Binti mmoja hodari wa kidato cha tatu aliambiwa hivyo na ubalozi ambao sitautaja. Alirudi na treni, akafika shuleni Jumatatu, akaomba daftari za masomo aliyokosa.

Aliyefuata alipata. Alikwenda Ubelgiji, na miezi miwili baadaye akanitumia picha amesimama chini ya kibao cha mtaa, anacheka. Kibao kiliandikwa Tabora. Mtaa huo upo kweli, katikati ya Brussels, jirani na jengo la zamani la soko la hisa. Ulipewa jina hilo kwa ajili ya jeshi la Kongo ya Wabelgiji lililoingia mjini kwetu tarehe 19 Septemba 1916. Familia iliyompokea haikujua jina hilo limetoka wapi. Binti wa Tabora akawaeleza mezani, kwa Kifaransa cha kuungaunga, kuhusu Jenerali Tombeur aliyeliongoza jeshi hilo, na kuhusu askari na wapagazi Waafrika ambao hawakupewa mtaa. Hilo ndilo nililitamani tangu siku ya kwanza: wa kwetu akae kwenye meza ya watu na awe yeye anayeeleza.

Alirudia kidato cha tatu. Baba yake alinung'unika muhula mmoja, akaacha.

Kwa hiyo msimamo wangu, na nimeusema katika vikao mpaka nikachosha watu, ni kwamba klabu inayotuletea watoto kila mwaka na haipokei wa kwetu haibadilishani, inatalii. Dawa moja ipo na haihitaji kubadili kalenda ya mtu. Kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba, na kidato cha tano kinaanza Julai. Katikati hapo kijana yuko nyumbani. Mabadilishano ya muda mfupi, ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu, yanaingia humo bila kurudia darasa. Klabu rafiki zichange nauli, kwa kuwa vitanda na ugali tumevitoa miaka yote bila risiti.

Nawe mzazi wa Tabora, Urambo au Sikonge uliye na mtoto kidato cha pili, usingoje klabu ije kubisha hodi. Nenda RITA uchukue cheti chake cha kuzaliwa mapema, maana pasipoti haiombwi bila hicho. Weka akiba ya ada ya pasipoti kidogo kidogo. Mara ya mwisho nilipomsindikiza mtoto ilikuwa shilingi 150,000. Nafasi huja kwa taarifa ya majuma mawili, na zaidi ya mara moja nimeiona ikienda kwa mtoto wa mji mwingine kwa sababu wa kwetu hakuwa na cheti.