Mzigo wa Mama Garini

Mwaka 2018 mama yangu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka sabini, alikusudia kwenda Dodoma kumtazama binti yake aliyejifungua. Akachagua gari la moshi, kwa kuwa basi humvimbisha miguu. Jioni ya kuamkia safari nalikwenda kwake Kirumba, nikakuta mizigo mitano mlangoni: mchele, michembe, dagaa wa Mwaloni, blanketi mbili, na furushi la nguo.

Nikamweleza habari za njia. Reli ya Mwanza hata Tabora, iliyomalizika mwaka 1928, ni ya njia moja, na magari hungojana. Tabora mabehewa ya Mwanza huungwa na yale ya Kigoma, watu wakisukumana. Ngazi za behewa ziko juu, na penye vituo vidogo abiria hupandia chini mchangani. Mzee aliyejaza mikono yote miwili atashika chuma cha mlango kwa mkono gani?

Basi nikafungua mizigo, nikatoa hiki na kile kama nisahihishaye madaftari. Nikabakiza mfuko mmoja wa begani: kanga, dawa zake, chupa ya maji, kikombe, na sweta mbili, maana usiku wa Julai Dodoma una baridi. Nikajiona mtu wa akili.

Mama alinitazama kitambo. Akasema, "Mwanangu, umenipunguzia uzito, umenipunguzia na heshima. Nitaingiaje kwa wakwe mikono mitupu?"

Sikuwa na jibu. Chuoni nalifundishwa hesabu, wala si hesabu ile.

Akavuta mfuko, akatoa sweta moja na kikombe, akatia dagaa waliofungwa vema katika karatasi na kitambaa. Mchele akauacha. "Mchele Dodoma upo," akasema, "na dagaa wakavu ni wepesi." Kisha akauinua mfuko kwa mkono mmoja, akatembea nao hata mlangoni na kurudi, nami nikihesabu hatua zake. Harufu ya dagaa wale, nasikia, ilileta maneno kidogo behewani.

Baada ya mwezi nalikwenda kumpokea stesheni ya Mwanza. Kijana mmoja alimshushia mfuko ule ule, kisha kopo la asali aliyoinunua Tabora, kisha gunia la karanga kutoka kwa wakwe, zito kupita yote niliyoyatoa usiku ule. Mama akanitazama tena. Nikajitwika gunia, tukaondoka.