Faini ya mdomo

Wasee, mnakumbuka Safari Rally ya Machi 2025 kule Naivasha? Madereva wa WRC walikuwa wakimaliza mkondo wananyamaza, wengine wanaongea lugha ya kwao tu. Ule ulikuwa mgomo. Mwezi mmoja kabla, Uswidi, Adrien Fourmaux alipigwa faini ya euro 10,000 juu ya neno moja chafu kwa kamera.

Mimi hapa Lindi nilicheka, kisha nikaacha. Primo nilivalishwa disk shingoni kwa kuongea Sheng, jioni viboko. Na sisi hatukuwahi kugoma.

Sheria za usalama ziko sawa: mkanda, helmeti, watazamaji wakae mbali na njia. Lakini mtu ametoka kwa vumbi, moyo bado unaenda mbio, unamwekea maiki mdomoni, halafu unamtoza alichosema? Kama hutaki kusikia, toa maiki.